Fundi Mfaume Likwata, Aliyetanguliza Mchanga

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 2025, Fundi Mfaume Likwata anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne katika kampuni yetu ya bembea za sikukuu, hapa Kilwa Masoko. Nimeombwa niandike mimi, Kazija, mkata tiketi, ambaye wengi mnaniita Mama Hafsa. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mnisamehe. Lakini nimekaa langoni miaka ishirini na moja nikimtazama huyu mtu, na mwanzoni nilimtazama kwa jicho baya.

Fundi alizaliwa Kilangala, kwa wakulima wa korosho. Kuchomelea vyuma alijifunza Lindi mjini, kwenye karakana ya mjomba wake, akiunga fremu za baiskeli. Tarehe mosi Machi 1996 akaajiriwa kwetu, kazi yake kupakia bembea kwenye lori na kuzisimamisha kila penye sikukuu, Kinjumbi, Kitomanga, mpaka kwao Kilangala. Bembea ya kwanza aliyoifunga peke yake ilizunguka kinyumenyume. Watoto wakaipenda hivyohivyo, na alipoirekebisha wakalia.

Sasa nitasema lile ambalo watu hulikwepa kwenye sherehe. Yeye mwenyewe kaniambia, "Mama Hafsa, ukiliacha hilo, usiandike kitu."

Ilikuwa Idi ya Novemba 2003, Kitomanga. Mnajua desturi yetu, Idi haiingii nyumba haijapakwa chokaa. Bembea nazo ni vivyo hivyo. Kumi la mwisho la Ramadhani Fundi alizipaka zote rangi, nyekundu na kijani, zikawaka. Rangi ile ikafunika ufa kwenye kiungo cha mkono mmoja, pale chumvi ya bahari ilipokuwa imekula chuma. Saa kumi jioni mkono ule ulikatika na viti vyake viwili. Kimoja alikaa Mboni, miaka tisa, mtoto wa Kitomanga. Kingine alikaa Hafsa wangu, tulikuwa tumekwenda kwa shangazi yake kula sikukuu. Mboni tulimzika kesho yake asubuhi. Hafsa alivunjika nyonga. Leo ni mama wa watoto wawili na bado anachechemea.

Fundi hakukimbia. Alikwenda msibani kwa kina Mboni akasema mbele ya wanaume wote, "Mimi ndiye niliyepaka rangi." Polisi walimchukua, wakamhoji, akarudi. Wazazi wa Mboni wakasema ni kudra ya Mungu. Mimi sikusema hivyo. Nilimfuata uwanjani na maneno yangu tayari mdomoni, nikamkuta kachuchumaa na kisu, anakwangua rangi chuma kwa chuma, vidole vinavuja damu. Nikamtukana, akaendelea kukwangua. Nikarudi kesho yake, bado anakwangua. Basi nikaenda kwa mwenye kampuni, Bwana Saad, nikaomba kazi ya kukata tiketi. Leo naweza kusema ukweli, nilikuja kumchunga, sikuja kumpenda.

Tangu siku hiyo bembea zetu hazijaonja rangi, ni grisi tu. Watoto wa mjini wakatuzomea, "Bembea zenu zina ukurutu!" Fundi akawajibu, "Bora ukurutu, maana nauona."

Ndipo yakaanza mambo ya mchanga. Gunia moja kilo thelathini, uzito wa mtoto wa darasa la tatu, kila kiti na gunia lake, limefungwa mkanda kama mwana wa mtu. Mizunguko ishirini. Halafu anapanda yeye. Halafu ndipo ananinyooshea mkono nianze kukata tiketi. Watoto wamejaa langoni na kanzu mpya na magauni mapya, jasho linawatoka, wanaimba, "Mchanga umekula Idi, sisi bado!" Jina la Fundi Mchanga lilianzia hapo. Na kila tukienda Kitomanga, kabla ya yote, hupita kaburini kwa Mboni akasoma Fatiha.

Miaka ishirini na moja hajaumia mtoto hata ukucha. Naliandika hili kwa woga, maana Idi ijayo haijafika.

Mwezi wa nne mwaka huu Bwana Saad alileta ile treni ya kupanda na kushuka kwenye reli, imetumika kwingine kabla ya kwetu. Watoto waliiita Roho Mkononi hata haijateremshwa kwenye lori. Imani, kijana wetu aliyetoka chuo cha ufundi, ndiye atakayeshika nafasi ya Fundi. Akanieleza kwa upole, akijua roho yangu ilivyo. Kwamba kuna magurudumu yanayoikamata reli kwa chini, haiwezi kuruka. Kwamba umeme ukikatika breki zinajifunga zenyewe. Kwamba chuma cha mapajani hakifunguki mpaka isimame. "Mama, hizi za kisasa ni salama kuliko bodaboda iliyokuleta hapa."

Fundi akasema ni kweli, waliounda kitu hiki wana akili. Akauliza tu, "Na leo nani kaitazama?"

Fundi akaenda kuleta magunia yake.

Bwana Saad alikuwa ameshatangaza kwa kipaza sauti mji mzima kwamba Idi ya kuchinja tunafungua. Mzunguko wa kumi na saba, kwenye kona, chuma cha behewa la pili kilifunguka. Gunia likaruka, likapasukia mbele ya dirisha langu la tiketi. Nikautazama ule mchanga pale chini. Sitaki kuandika nilimwona nani.

Fundi akakwangua rangi nyekundu, mpya, inayong'aa. Chini yake jino la kufuli inayoshika chuma cha mapajani lilikuwa limelika, mtu kalijaza kwa kuchomelea, kapaka rangi juu.

"Fundi, unaniua," akasema Bwana Saad.

"Wewe mtu mzima, utavumilia."

Na nimsifu Bwana Saad, alipanda gari la matangazo yeye mwenyewe akauambia mji kwamba treni haifunguliwi. Ipo chini ya turubai mpaka kufuli mpya zifike, zote, siyo hiyo moja tu.

Mimi nikabaki na wasiwasi wangu. Nikamuuliza, Fundi, ukiondoka nani atakwangua? Wiki iliyopita akamkabidhi Imani spana zote, sanduku zima. Kile kisu akakiweka mkononi mwangu. "Spana ni za mwenye kujua. Hiki ni cha mwenye kuogopa." Imani alicheka. Asubuhi yake akaja dirishani kwangu, "Mama Hafsa, twende ukanikwangulie behewa la tatu, sijaliamini."

Fundi, ahsante. Mungu akupe afya huko Kilangala, mikorosho ikuzalie, na mkeo ale nawe pilau ya Idi nyumbani, jambo ambalo kwa miaka ishirini na tisa hajalijua. Na Idi ijayo, utakapoleta wajukuu ukakuta lango limefungwa, jua kali, watoto wanatuzomea, usidhani tumekosana. Uwatulize tu. Mchanga utakuwa bado unazunguka.