Shigela Anachagua Mwezi

Kijiwe cha Somanda kiko pale lami inapokatikia na vumbi la kuelekea Nkololo linapoanzia. Benchi lake ni nguzo ya umeme iliyoangushwa na mvua za mwaka mmoja, ikalazwa juu ya bloku, na tangu hapo haijapitisha kitu ila maneno. Domitila anamimina kahawa, anauza kashata, na anajibu hata asiyeulizwa. Mzee Ndalahwa, aliyepima pamba za watu kwenye chama cha ushirika mpaka akabatizwa jina la Mizani, hukaa karibu na jiko. Bujiku, anayepanda mapaa ya watu kufunga madishi na kwa hiyo anaitwa Satelaiti, hukaa popote penye msikilizaji. Asubuhi hiyo msikilizaji alikuwa Shigela, manju wa ngoma ya Wagika, mtunzi na mwimbishaji wao, na alikuwa ameshika simu kama mtu aliyeshika kiazi cha moto.

— Mwangaluka, alisalimu Shigela.

— Mhola, alijibu Domitila. Kaa. Uso wako umekuja na habari.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Mfuko mmoja wa kusaidia wasanii ulikuwa umekubali kumgharimia Shigela tiketi, chakula na kitanda, aende nchi ya Ufini, akae kwenye nyumba ya wasanii kando ya msitu, atunge nyimbo kwa utulivu. Kilichobaki ni yeye kuchagua aende mwezi wa sita au wa kumi na moja, na kujibu kabla ya jioni.

— Ngoja, alisema Mizani. Wanakulipia ukawafanyie nini?

— Siwafanyii kitu, baba. Nakaa. Natunga.

— Nyimbo za nani?

— Zangu.

— Kwa Kisukuma?

— Kwa Kisukuma.

Mizani aliweka kikombe chini taratibu.

— Mimi nimezeekea kwenye mizani. Hakuna mtu anayelipia kitu ambacho hajakipima. Hao watakupima sauti, na utarudi nayo imepungua.

— Mzee, sauti haipimwi siku hizi, inavutwa, alisema Satelaiti. Ukiimba tu, dishi linaidaka, linaitia kwenye mashine. Mwakani mtu wa kule anaimba kama Shigela, mpaka kikohozi chake. Yuko pale uwanjani Nkololo, mweupe pe, kafunga njuga miguuni, anacheza upande wa Wagalu, wapinzani wetu.

— Kwa nini Wagalu?

— Kwani wewe ukiiba sauti ya Mgika, utakwenda kucheza na Wagika wenzake wakutambue?

Hapo hata Mizani alikubali kwamba hoja ina uzito.

— Mnamtisha bure, alisema Domitila. Wale wameishiwa tu. Kule baridi ikizidi, wimbo unaganda mdomoni kabla haujatoka. Watu wamekaa na nyimbo zimeganda vinywani, wanatafuta mtu wa nchi ya jua akawaanzishie. Ndiyo maana wametaja mwezi wa sita, ndio unaoyeyusha.

— Na wa kumi na moja?

— Huo wamechomeka, isionekane wanakulazimisha.

— Mwezi wa sita kule jua halizami, alisema Satelaiti. Nimeona kwenye chaneli. Saa sita ya usiku mtu anaanika nguo.

— Halizami? Mizani alisogea mbele. Basi hapo ndipo penyewe. Kibarua kinaisha jua likizama. Lisipozama, unatoka saa ngapi?

— Lakini wa kumi na moja halichomozi, mzee. Giza, theluji, mbwa wanavuta mikokoteni.

— Na huo ndio mwezi wa mvua, aliongeza Domitila. Mkeo peke yake na jembe la ng'ombe, watoto wako shule. Pamba utamwachia nani?

Mizani alifikiri, akatoa hukumu.

— Wa sita. Bora kibarua cha mchana kuliko kufia gizani.

Shigela alitikisa kichwa kukubali. Lakini mwezi wa sita ndio watu wanavuna, wana cha kushangilia, na ngoma mbili zinaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, Wagika huku, Wagalu kule. Watazamaji wanaamua kwa miguu: penye watu wengi ndipo penye ushindi. Miaka yote upande wa pili alikuwa akisimama Mwandu. Hilo la kuukosa uwanja huo Shigela alikuwa amekuja nalo kifuani, na hakuna aliyeligusa. Yeye mwenyewe angelianzaje? Mtu apewe Ulaya, alilie uwanja wa vumbi? Wangemcheka mpaka Lamadi. Alipeleka kidole kwenye mwezi wa sita.

Pikipiki ilisimama mbele yao, nyuma imebeba gunia la dagaa. Aliyeshuka alikuwa Mwandu mwenyewe, manju wa Wagalu, ambaye hakuwahi kukanyaga kijiwe hicho kwa sababu ni cha Wagika watupu.

— Mwangaluka, wazee.

— Mhola, walijibu kwa tahadhari.

— Nasikia manju anakwenda Ulaya.

— Umekuja kupongeza au kushangilia? aliuliza Satelaiti.

— Nimekuja kuuliza mwezi.

— Wa sita, alisema Mizani, kama anayesoma kilo.

Mwandu alikaa bila kukaribishwa. Domitila akammiminia, kwa sababu mteja ni mteja.

— Mwaka jana, Shigela, uliniimba kwamba fahali wangu ananitii kwa kuwa ananionea huruma. Watu walinihama wote. Akabaki mke wangu, naye alikuwa anachungulia kwako. Tangu siku hiyo natunga. Mwaka huu nina nyimbo, utalia.

— Si ushukuru? alisema Satelaiti. Akiondoka, uwanja wote wako.

— Ndilo swali langu. Watu wakija kwangu kwa kuwa hawana pengine pa kwenda, nitajuaje kama nimeimba vizuri?

Satelaiti alitazama juu kama anayetafuta mawimbi. Domitila akainamisha birika juu ya kikombe, likatoa machicha.

— Kahawa imeisha, alisema, ingawa hakuna aliyeomba.

Shigela aliondoa kidole kwenye mwezi wa sita. La kifuani mwake limesemwa, na limesemwa na huyu.

— Nakwenda wa kumi na moja, alisema.

— Na shamba? aliuliza Domitila.

Mwandu aliinua kikombe chake, akakimaliza.

— Shamba nitalima mimi. Ng'ombe wa jembe ninao, na kwako ni kuvuka korongo tu.

— Bure? Mizani alishtuka.

— Bure kabisa. Akirudi atakuta pamba imeota kwa mistari. Halafu msimu unaofuata nitasimama mbele ya Nkololo nzima, niimbe habari za manju aliyekimbilia kwenye theluji akamwachia mpinzani wake jembe. Ubeti kwa ubeti. Mpaka mkeo atahamia upande wangu.

Nguzo nzima ilitikisika kwa kicheko. Shigela naye alicheka, akabonyeza mwezi wa kumi na moja, ujumbe ukaondoka.

— Wewe imba, alimwambia Mwandu. Mimi nitakuwa na msitu mzima wa kukutungia jibu, na kuna watu wamekubali kuligharimia.