Rimoti ya Mama Watoto

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kibanda cha Kinyozi: miguu mitatu mizima, wa nne tofali. Anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka kwa nguvu. Siku hiyo alikaa Karani, na hakuwa na dalili ya kucheka. Mkewe alikuwa kwa dada yake mwezi mzima, anarudi jioni hiyo hiyo, na tamthilia yake inaanza saa kumi na mbili. Alimwachia mumewe nyumba kwa agizo moja tu: asiguse rimoti. Sasa Karani alishika rimoti mpya, ile ya televisheni zote, na karatasi yenye namba ndogo kama sisimizi.

— Ya zamani iko wapi? aliuliza Kinyozi.

— Niliiosha.

— Uliifuta?

— Niliiosha. Pamoja na vyombo. Ilikuwa inanata, nikasema mama watoto akirudi afurahi.

Tulivua kofia, kwa heshima ya marehemu. Kisha Fundi Redio, ambaye hajatengeneza redio tangu yake mwenyewe iharibike, akainyakua karatasi.

— Kazi ndogo hii! Bonyeza kitufe cha kuseti mpaka taa nyekundu iwake, halafu weka namba. Taa ikizima, imekubali. Kila kampuni ina namba zake.

— Niweke ipi?

— Yoyote. Hizi kampuni zote ni ndugu.

— Yoyote wapi! akadakia Kinyozi. Weka mwaka mliooana. Vifaa vya siku hizi vinamjua mwenye nyumba.

— Mwaka wenyewe... sina hakika.

— Toba! Shemeji asikusikie.

— Hamwelewi, alisema Fundi Redio. Televisheni imeishi na mwenzake miaka tisa. Ina msiba. Utamwozeshaje mfiwa siku ya pili?

— Basi rimoti tuifunge gazeti, televisheni isijue kuwa ni mpya, alisema Kinyozi.

Mimi, naona aibu kusema, nilishauri ipakwe sukari kidogo, irudishe ule mnato.

Karani aliendelea kubonyeza, namba baada ya namba. Ya kumi na moja, taa ikazima.

— Imekubali!

Fundi Redio aliruka, benchi likayumba, kahawa ya vikombe vyetu ikamwagika yote. Hakuna aliyejali. Karani machozi yalimlengalenga, na mimi, nisiseme uongo, nilimkumbatia Kinyozi.

Ndipo tukasikia begi la magurudumu likisimama. Shemeji alikuwa nyuma yetu, sijui tangu lini. Hakugomba. Alichukua karatasi, akaipitia kwa kidole juu mpaka chini.

— Sawa. Televisheni yetu ni ya kampuni gani?

Karani akamtazama Fundi Redio. Fundi Redio akanitazama mimi. Miaka tisa, kila Jumamosi, tumejazana sebuleni kwa Karani kutazama mpira, na jina limeandikwa pale pale chini ya kioo, tena kwa herufi kubwa.

— Mume wangu, nakuuliza wewe.

Karani aliinua kikombe anywe, angalau apate muda. Kilikuwa kitupu.