Nilivyofichwa Kwenye Eda ya Shangazi

Assalaam alaykum, wazee wangu, ndugu zangu, na kina mama mlioko nyuma ya pazia. Nimeambiwa nieleze nilivyofaulu chuo kikuu, ili vijana hawa wanaokwenda kusoma bara wapate moyo. Nitaeleza. Lakini kwanza nitasema nilivyoanguka, maana walionizidishia balaa wengine wamo humu humu, na mnanitazama kwa huruma kana kwamba hamhusiki. Msiogope, simtaji mtu.

Nilikwenda kusoma uchumi wa biashara na uendeshaji wake. Hapa mkasema, "Kaenda kusomea duka." Lahaula! Si duka. Ni elimu ya kumfundisha mwenye kampuni atengeneze mali kiasi gani, auze kwa bei gani, lini aongeze na lini aache. Tabu yake, vitabu vyote vilizungumzia viwanda vya chuma na mashirika ya reli. Mimi nimezaliwa Madungu, hapa hapa Pemba. Treni nimeiona siku niliyoipanda kwenda huko chuoni. Basi nikaamua kuhifadhi, kama tulivyohifadhi madrasa, neno kwa neno. Mtihani ulipokuja, swali likageuzwa kidogo tu, nikabaki naikodolea macho karatasi. Nikaanguka.

Mwalimu akaniita, akanambia nitalirudia somo lile baada ya likizo. Nikianguka tena, nifunge mizigo, chuo basi. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nililia. Baba yangu alikuwa ameshajitapa soko zima la Chake kwamba mwanawe ni msomi. Ningemwangalia vipi?

Nikarudi Pemba kusoma. Kusoma! Si mnajijua nyinyi? Mtu akitoka safari lazima apite kila nyumba kuwaamkia jamaa, na kila nyumba ale. Akiruka moja, ameutukana ukoo. Nikenda Wete, Shumba wakanuna. Nikenda Shumba, nikaambiwa huku Shumba Viamboni umefika, Shumba Mjini kwenyewe mbona hukufika? Nikavushwa kwa mashua hadi kisiwa cha Fundo kumwamkia mzee mmoja wa upande wa bibi yangu. Nafika, mzee ananitazama, anauliza, "Huyu nani?" Yakhe, nilitamani kupiga kelele!

Na popote nilipokaa, wali haujapakuliwa nimeshaletewa kesi. "Wewe si unasoma biashara? Hebu nambie, nifungue mkahawa au nisifungue?" Nikisema nina mtihani, wanacheka. "Mtihani si uko huko huko bara? Kula, mwanangu." Nilinenepa, jamani. Nilinenepa na kichwani hamna kitu, likizo inakwisha, na aibu ilinizuia kusema kwamba nimeanguka.

Nyumba niliyochelewa kuifikia ilikuwa ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, tumbo moja. Mumewe alifariki nikiwa chuoni, naye alikuwa ndani anakaa eda. Nilikwenda kumpa mkono wa pole. Nilipokaa tu kwenye mkeka, machozi yakanitoka.

"Mwanangu," akasema, "aliyefiwa mimi. Wewe unalilia nini?"

Nikamwambia yote. Alikuwa mtu wa kwanza kujua. Hajanijibu, hodi! Jamaa wawili wako mlangoni, wamekuja kunichukua, kuna nyumba chakula kishaandaliwa. Shangazi akapaza sauti: "Mimi niko edani, hamna ruhusa ya kuingia humu. Na huyu mtoto ananiliwaza. Nendeni zenu!"

Wakaondoka! Nikamtazama shangazi. Shangazi akanitazama.

"Kalete vitabu vyako," akasema.

Kesho yake baba akaja mwenyewe. Yeye ni ndugu yake, kwa hiyo hazuiliki mlangoni. Aliingia amefura.

"Dada, huyu ananivunjia heshima. Watu wanasema amewadharau."

"Wanasema yuko wapi?"

"Kwako."

"Kwa shangazi yake aliyefiwa. Hebu nambie, iko wapi dharau hapo? Anayeiona aje anambie mimi."

Baba akatafuta viatu vyake.

Mnadhani raha ilianza hapo? Hasha! Shangazi hakutaka nisome kimya. Alitaka nisome kwa sauti, tena kwa Kiswahili, naye anashona ukili wake wa mkeka. Kila nikimaliza ukurasa: "Sikufahamu. Sema tena." Nasema tena. "Sikufahamu." Wallahi nilikuwa natoka ukumbini kwenda uani nikihema kwa hasira. Nikirudi ananingoja: "Enhe?"

Siku moja tulifika mahali palipokuwa pameniangusha, habari ya gharama ya kitu kimoja cha ziada. Nikalisoma lile neno, shangazi: "Sikufahamu." Nikalisoma tena: "Sikufahamu." Hasira zikanipanda, nikatupa kitabu, nikasema, "Shangazi, ukichoma mikate, jiko limeshawaka, akatokea mgeni mmoja zaidi, mkate wake unakuongezea nini?"

"Unga," akasema. "Na tui kidogo."

"Na moto?"

"Moto si umeshawaka?"

"Ndiyo hiyo! Kitabu kizima kinasema hivyo!"

Ndugu zangu, mdomo wangu ulikuwa umetangulia akili yangu. Kumbe mwaka mzima nilikuwa nayabeba maneno tu, hata siku moja sikuwahi kuyafungua nione ndani mna nini. Kuanzia hapo kila ukurasa niliugeuza kwa mambo ya nyumbani kwetu, na shangazi hakuniachia mpaka aseme, "Haya, hilo nimelipata."

Nilirudi chuoni, nikalirudia somo, nikapita. Alhamdulillahi.

Nawashukuru wazazi wangu. Nawashukuru hata nyinyi mlionilisha, maana mlinilisha kwa mapenzi. Lakini ombi langu ni hili: watoto hawa wakirudi likizo, waamkieni nyinyi. Nendeni nyinyi kwao, kaeni kidogo, ondokeni. Na wewe kijana, ukianguka, sema. Mimi nilikaribia kufukuzwa kwa kuona haya.

Nilipokuja kumpa shangazi habari, eda ilikuwa imekwisha. Nilidhani atapiga vigelegele. Alinishika mikono, akanambia: "Mwanangu, zile siku nyumba hii ilikuwa ikinitisha. Mara nyingine nilikuwa nafahamu tangu unaposoma mara ya kwanza. Nikikwambia sikufahamu, ilikuwa usinyamaze, nisikisikie kile kimya."

Na mimi nilikuwa nikitoka kwenda uani kumkasirikia. Mwenyezi Mungu amlipe kheri shangazi yangu, na nyinyi semeni amina.