Maji ya Mikono ya Maria Mwanalima

Marehemu Maria Mwanalima binti Daudi alizaliwa tarehe 9 Machi 1936 hapa Kismayo, mama yake mtu wa kisiwa cha Koyama, baba yake seremala wa misheni aliyetoka upande wa Mto Tana, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo, na alilia mpaka padri akakatiza sala, kwa hiyo sauti alianza nayo mapema.

Alisoma kwa masista hadi darasa la nne, mwaka 1948, akatoka akijua kusoma, kushona na kuwajibu wakubwa, na tarehe 4 Juni 1957 alifunga ndoa na Yosefu Fumo, fundi wa mashine bandarini, wakajaliwa watoto wawili, Daudi huyu mnayemwona, na Salme aliyetangulia mwaka 1963 kwa surua.

Kazi iliyompa jina ilikuwa kuimba harusini, akiwaongoza wanawake wanaopiga vugo, ile pembe ya nyati, na redio ilipomrekodi mwaka 1967, basi kutoka Kudhaa hadi mjini hapakuwa na bibi harusi aliyekubali kutoka ndani bila yeye. Aliimba, hilo hatubishani. Ila wanawake walizusha kwamba aliyeimbiwa naye hakosi mtoto, wakawa wanakinga maji anayonawa mikono akimaliza kuimba, wanampa bibi harusi anywe, na Mwanalima, Mkristo wa kubatizwa, anayejua uzima unatoka kwa nani, alinyoosha mikono akanawa, maana kutukuzwa ni kutamu.

Mwaka 1974 Mashavu, mke wa Nassor wa kisiwa cha Darakasi, alianza kuvuja damu akiwa na mimba ya miezi saba, mkunga Barke akamwambia wapande mashua waende hospitali, naye akajibu kwamba maji ya Mwanalima yamo tumboni mwake, huyo daktari ataongeza nini, akafa kabla ya jua kuchwa, na mtoto ndani yake.

Tangu hapo Mwanalima hakuimba tena harusini, alibaki na zaburi kanisani, kwa sauti ndogo, na kila aliyemjia na bakuli alimwambia kwamba mikono hii inanuka vitunguu kama ya mtu yeyote, amwombe Mungu na aende kliniki, nao wakaondoka wakisema anaringa, ana choyo cha baraka. Hilo lilimla kuliko ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe, wa ini, ulianza Novemba 1982, akafariki tarehe 17 Februari 1984, saa tisa alasiri, nyumbani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani zetu Waislamu waliotupikia na kutuchotea maji, wanakwaya, na wenzake Yosefu wa bandarini. Na nyinyi mliokuja asubuhi na chupa, mkiuliza maji aliyooshewa maiti yako wapi, yamemwagwa shimoni na kufukiwa, mwenye mja mzito nyumbani ampeleke hospitali.

Pumzika, Mwanalima, na utakapoulizwa habari ya Mashavu usiimbe, omba rehema, nasi huku tunakuombea.