Eudokia Prystupa, Aliyeondoa Makoti Vitini

Marehemu Eudokia Prystupa, ambaye hapa Sturgeon Bend hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa padri na daktari, kwa maana sote tulimjua kama Dokia, alizaliwa tarehe 13 Januari 1943 katika shamba la ngano la wazazi wake, kaskazini mwa mji huu. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Hryhorii na Anastasia Melnychuk. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Malanka, ambapo watu wetu huukaribisha mwaka mpya wa kalenda ya wazee kwa kuvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba. Mkunga alikutwa katikati ya sherehe, hakupata nafasi ya kubadilisha nguo, akazalisha huku pembe za mbuzi za kinyago chake zikiwa bado kichwani. Kila Dokia alipofanya ukaidi maishani, baba yake alisema kosa si la mtoto, ni la yule mbuzi.

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Tekla. Atakayeona dada mtu amesifiwa kupita kiasi, au kidogo mno, aje amwone Tekla jikoni baada ya maziko.

Dokia alianza masomo mwaka 1949 katika shule ya Vesna, iliyokuwa na chumba kimoja, mwalimu mmoja na jiko moja la kupasha joto lililopendelea waliokaa mbele. Baadaye alisoma sekondari hapa mjini hadi mwaka 1960. Majira ya baridi wavulana walicheza mpira wa magongo kwenye bwawa lililoganda, na kwa kuwa Dokia hakujua kuteleza sawasawa, kaka yao Petro alimfunga katalogi nene za duka miguuni, zimkinge na kile kisahani cheusi kinachopigwa kwa magongo, akamweka golini.

"We simama tu hapo, uwe mlango," Petro alimwambia.

"Mlango nitakuwa," Dokia akamjibu, "lakini wa kufungwa."

Alifungwa mara nyingi tu, na Tekla ni shahidi. Ila tangu siku hiyo mchezo ule ulimwingia kwenye damu, na haukumtoka.

Tarehe 22 Julai 1967 alifunga ndoa na Nestor Prystupa, dereva wa lori la nafaka, katika kanisa hili hili la Mtakatifu Demetrio. Harusi ilidumu siku tatu, na mpiga fidla ilibidi abebwe nyumbani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Marusia na Danylo. Nestor alikuwa mtu wa maneno machache popote pale isipokuwa uwanja wa barafu. Timu yetu ya kulipwa, Korongo wa Sturgeon Bend, ilipoanzishwa mwaka 1971, wale wawili walikata tiketi za msimu za safu ya saba, nyuma kabisa ya benchi la wageni, ili Nestor aweze kuwatukana wageni bila kupaza sauti sana. Walikaa pale miaka arobaini.

Kwa kazi, Dokia alikuwa mtu wa dirisha la tiketi uwanjani hapo tangu mwaka huo wa 1971 hadi alipostaafu mwaka 2009. Aliujua mji kwa viti. Ukimtajia mtu, hakukuuliza anaishi wapi, aliuliza, "Huyu wa safu ya tisa, mwenye kikohozi?" Hakuwahi kumuuzia mama mjamzito kiti cha nyuma ya nguzo, na mwenye kulalamika bei alipewa tiketi yake pamoja na ushauri kuhusu uvutaji wa sigara.

Hapa lazima yasemwe ya makoti. Mkesha wa Krismasi kila nyumba yetu huacha sahani moja mezani kwa ajili ya waliotangulia. Basi desturi hiyo ilitoka mezani ikaenda uwanjani. Mwenye kiti alipofariki, jamaa zake waliendelea kulipia tiketi yake ya msimu, na kila mechi walitandika koti lake juu ya kiti, asikae mtu. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Nestor alipofariki tarehe 3 Novemba 2011, Dokia naye alitandika koti lake la rangi ya kahawia safu ya saba, akakaa kando yake, akawatukana wageni kwa niaba ya wote wawili.

Lakini mji ulikuwa unazeeka. Kila msimu makoti yaliongezeka: ya sufu, ya manyoya, mengine yamepigwa pasi vizuri kuliko enzi za wenyewe. Kwa mujibu wa dirisha la tiketi, uwanja ulikuwa umejaa. Kwa macho, karibu nusu yake ilikuwa ya marehemu. Kelele zilipungua, kibanda cha soseji kikafungwa, na wachezaji wakaanza kuulizana kama mji huu bado unawapenda.

Mwaka 2015 timu ilinunuliwa na Bwana Doyle Ferrand, tajiri wa kutoka nchi jirani, kusini mwa mpaka. Januari iliyofuata alikuja, akatazama mechi moja, na kesho yake akatuita ukumbi wa kanisa.

"Ndugu zangu, koti halinunui soseji," alisema. "Koti halishangilii. Nawapa mpaka mwisho wa Machi. Viti vile visipokaliwa na watu wenye pumzi, timu naihamisha."

Alitaja na mji wenyewe atakakoipeleka, mji ambao barafu huonekana ndani ya glasi tu. Dokia akasimama.

"Bwana Ferrand, viti hivyo vimelipiwa."

"Vimelipiwa, mama, sikatai. Lakini vijana wangu wanacheza mbele ya kabati la nguo."

Ukumbi ulicheka kabla ya kukumbuka kukasirika. Dokia hakucheka. Alirudi nyumbani akaanza kupika, na majani ya kabichi aliyoyajaza wali na kuyaviringa kwa hasira wiki ile yalitulisha hadi Pasaka. Alimwambia Tekla kwamba yule bwana hana wafu, au kama anao basi hawapendi. Timu ikiondoka, alisema, mji huu utabaki na kanisa, ghala la nafaka na makaburi. Na Nestor akiondolewa kiti, je, yeye Dokia atakaa na nani? Hayo mawili yalimvuta huku na huku.

Aliyemfungua macho ni Rowena Batungbakal, Mfilipino anayehudumia wazee katika nyumba yetu ya wazee. Dokia alimkuta siku ya mechi amesimama na mumewe na watoto nyuma kabisa, kwenye vyuma vya kuegemea, ambako huonekani wala huoni.

"Mbona mmejibanza huku kama wadaiwa?" Dokia aliuliza.

"Viti vimejaa, mama. Tangu tulipohamia hapa tunaambiwa vimejaa."

"Nani mpumbavu aliyewaambia hivyo?"

Rowena aliona haya, akatazama viatu vyake. "Ni wewe, mama. Mwaka ule wa kwanza. Dirishani."

Dokia aligeuza shingo akatazama jukwaa lote, makoti yamekaa raha mustarehe na watu walio hai wamesimama. Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni kwa Padri Yaroslav.

"Baba, hivi marehemu anahitaji kiti?"

"Sahani tunamwekea mkesha mmoja, Dokia, si msimu mzima," padri alisema. "Halafu Nestor huko aliko anatazama bure, tena hana nguzo mbele yake."

"Na akichukia?"

"Nestor? Nestor atachukia timu ikihama. Hapo ndipo sote tutamsikia."

Jumamosi ya tarehe 13 Februari 2016, mbele ya watu wote, Dokia aliliinua lile koti la kahawia kutoka kitini. Hata mwamuzi alichelewa kupuliza filimbi. Akamwita Rowena kutoka kule kwenye vyuma.

"Njoo ukae hapa."

"Mama, siwezi. Ni pa mzee."

"Mzee amepanda cheo. Kaa!"

Rowena akakaa. Dokia alilipakata koti mapajani kipindi chote cha kwanza, akalia, na asiseme mtu kwamba ilikuwa baridi. Kipindi cha pili alijipangusa akaanza kumfundisha jirani yake kazi. "Sema hivi, Rowena: kipa wenu ana mapengo kama uzio wa jirani!" Rowena alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Kipindi cha tatu benchi zima la wageni liligeuka kumtazama, na Dokia akawa anacheka machozi hayajakauka.

Baada ya hapo hakulala. Alikwenda nyumba kwa nyumba na sahani za pirohi, yale maandazi yetu ya kuchemsha yenye viazi ndani, kwa wajane na wagane wote wa mji. Wengine walikubali, wengine walikula pirohi kwanza ndipo wakakataa. Mgumu kuliko wote alikuwa Orest Chaban, ambaye koti la manyoya la marehemu mkewe, Ahafia, lilikuwa halijatikiswa kitini miaka mingi.

"Umekuja kuniuzia mke wangu?" Orest alimpokea hivyo.

"Simuuzi, Orest. Namwomba asogee kidogo."

"Ahafia hajawahi kumpisha mtu maisha yake yote."

"Kweli kabisa. Ndiyo maana nimekuja kwako wewe uliye mpole."

Orest alifunga mlango. Kisha akaufungua. "Basi asikae mtu wa kelele."

"Hoki bila kelele, mzee? Nenda ukatazame samaki!"

Dokia kwa makusudi akamwekea kwenye kiti hicho Bi Hlikeria, mjane mwenye mdomo mkubwa kuliko wote Sturgeon Bend. Walizozana msimu mzima, na mwaka uliofuata wakafunga ndoa. Tunamshukuru Mungu wapo nasi leo, na wanapigana viwiko hata sasa.

Na makoti? Dokia hakukubali yarudi kabatini. Mji ulikuwa umeanza kupokea watu kutoka nchi za joto, waliokuja kufanya kazi kiwanda cha nyama wakiwa na visweta vya kuonea huruma. Aliwagawia. Kwa hiyo makoti yalirudi uwanjani yakiwa na watu ndani. Bi Stefka, mjane wa fundi wetu wa viatu, alikaribia kuzirai alipoona koti la marehemu mumewe likisimama na kupiga kelele za bao, kisha akasema mumewe hajawahi kuonekana na afya kiasi kile.

Mechi ya mwisho, tarehe 26 Machi, hapakuwa na kiti kitupu. Korongo walifungwa mabao matano kwa mawili, na watu hawakutaka kwenda nyumbani. Bwana Ferrand alisimama mlangoni na sahani ya pirohi mkononi, akitazama.

"Mama, umeniharibia safari yangu ya kusini," alimwambia.

"Nimekuepusha na jua, mwanangu," Dokia akasema. "Ongeza siki kidogo na kitunguu."

Bwana Ferrand akatia saini mkataba wa kutumia uwanja wetu kwa miaka kumi.

Mwaka 2023 moyo wa Dokia ulianza kuchoka. Madaktari walimkataza chumvi, ngazi na hasira. Aliacha chumvi. Aliendelea kwenda safu ya saba hadi Desemba iliyopita, akishikwa mkono na Rowena, na alilazwa hospitali ya mji baada ya sikukuu ya Epifania. Kitandani hakuzungumzia kifo, alizungumzia mkataba, kwamba unaisha mwakani, na kwamba mjini sasa watu wameanza tena kujisahau na kuacha viti vitupu. Alikuwa na haki ya kuogopa. Tekla, ambaye tangu timu ianze hajawahi kukanyaga uwanja ule, kwa sababu haoni maana ya kutazama wanaume wazima wakigombea kisahani kwenye baridi, alimshika mkono akamwambia asihangaike.

"Kiti chako kitatunzwa, dada. Nitapeleka koti lako mwenyewe. Hatakaa mtu."

Dokia alifumbua macho. "Tekla, una wazimu?"

"Ni kwa heshima yako."

"Heshima yangu ni makalio kitini. Koti ulivae wewe. Ulivae, ukakae."

"Mimi hata sijui wanachogombea!"

"Rowena atakufundisha matusi. Mengine utayaelewa."

Alifariki kwa utulivu asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili, Marusia na Danylo wakiwa kando yake.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, kaka yake Petro, na mumewe mpendwa Nestor. Ameacha binti yake Marusia na mkwewe Garth, mwanawe Danylo na mkewe Lesia, wajukuu Taras, Zenia na Adrian, kitukuu Odarka, na mdogo wake Tekla. Ameacha pia familia ya Batungbakal, ambayo tunaiandika hapa kwenye orodha ya ndugu kwa sababu ndipo alipoiweka yeye.

Baada ya maziko, chakula kitakuwa ukumbi wa kanisa. Tunaomba msikae sana. Leo Ijumaa Korongo wanacheza, milango inafunguliwa saa kumi na mbili jioni, na Bwana Ferrand atakuwepo na jamaa zake wa biashara, wanaokuja kutazama kama viti vyetu bado vina watu. Safu ya saba, nyuma ya benchi la wageni, mtamwona Tekla na koti la dada yake, lenye mikono mirefu kupita ya kwake. Hajui mchezo, lakini sauti anayo.

Kumbukumbu ya Dokia iwe ya milele. Yeye apumzike kwa amani. Sisi twendeni tukapige kelele.