Hesbon Barasa na Maji Yaliyowaka

(Wasifu wa marehemu. Umeandikwa na mdogo wake, Wangila. Unasomwa na Ivy, binti wa Wangila.)

Hesbon Barasa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 katika kijiji kilicho nyuma ya misheni ya Lugulu, Kaunti ya Bungoma. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Eliakim na marehemu Mama Nekesa. Baada yake walizaliwa Wangila na Sellah. Mama Nekesa alikuwa akichoma maganda ya maharagwe, akichuja majivu yake kwa maji, na maji hayo ndiyo yalikuwa munyu wa kulainishia mboga. Kazi ya kuchoma alipewa Hesbon. Aliwaambia wote waliopita njiani kwamba kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mwingine. Ilikuwa kazi ya kuchoma maganda.

Alisoma shule ya msingi kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1990, kisha akapata cheti cha kazi ya maabara mjini Eldoret mwaka 1993. Kati ya watoto watatu, ni yeye peke yake aliyepita darasa la nane. Hakuna siku aliyokula nyumbani bila kutukumbusha hilo.

Januari 1994 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari mjini Kitale. Desemba ya mwaka uliofuata alikuja nyumbani na kichupa, akamwita mdogo wake nyuma ya jikoni. Ndani ya kichupa mlikuwa na mafuta ya taa, na ndani ya mafuta kulikuwa na kipande cha chuma. Alikikata kwa kisu cha mkate, nacho kikakatika kama siagi iliyoganda. Kwa ndani kiling'aa, na kabla Wangila hajamaliza kushangaa, kikafifia kikawa kijivu.

"Hii ni sodiamu," Hesbon alisema. "Haiwezani na hewa, haiwezani na maji. Ndiyo maana inalala kwa mafuta."

Alitupa kipande kidogo kama punje ya wimbi ndani ya beseni. Kikayeyuka kikawa tone, kikakimbia juu ya maji kikilia kama kitu kinachokaangwa, kikaisha. Akaeleza kwamba metali hizi ni ndugu wa nyumba moja. Lithiamu ni kifungua mimba, mpole, hutoa mapovu tu. Sodiamu anamfuata, naye ana kelele. Potasiamu ni mkali zaidi, akigusa maji tu anawaka moto wa zambarau. Wote wanafanana kwa jambo moja: kila mmoja ana elektroni moja ya nje ambayo hapendi kukaa nayo, na humpa yeyote anayeipokea.

"Hata bure?" Wangila aliuliza.

"Bure kabisa, wandayi, ndugu yangu."

Siku hiyo Hesbon alikuwa mwalimu mzuri, na familia inaikumbuka kwa shukrani. Lakini hilo la kutoa bure, katika miaka hamsini na mitatu ya maisha yake, hakulijifunza kwa metali zile.

Mwaka 2011 aliacha kazi. Chupa mbili za maabara, moja ya sodiamu na moja ya potasiamu, nazo ziliacha kazi wiki hiyo hiyo. Mwaka uliofuata alifungua Kanisa la Moto Juu ya Maji katika banda la mabati mjini Kitale, akaanza kuitwa Nabii. Waumini walibeba maji kutoka nyumbani kwao, ili mtu asiseme yametiwa kitu. Kila mmoja aliandika dhambi yake au ugonjwa wake kwenye karatasi laini. Hesbon aliikunja karatasi, na katika kukunja kipande cha sodiamu kikaingia ndani, kisha akaitupa kwenye beseni. Sodiamu ikiwa huru juu ya maji hukimbia, na ikiwa ndogo mara nyingi huisha bila kuwaka. Ikishikwa na karatasi iliyolowa haina mahali pa kukimbilia, joto linajikusanya, inawaka moto wa manjano. Wale aliowaona wa maana zaidi aliwawekea potasiamu, wakapata moto wa zambarau.

Halafu walinawa uso kwa maji yaliyobaki. Maji hayo yalikuwa yamegeuka magadi, yanateleza mkononi kama sabuni. Macho yakiwasha, Hesbon alisema ni dhambi zinatoka. Watu wazima, wenye mashamba na watoto katika vyuo vikuu, walisimama kwa mstari kuoshwa macho kwa magadi na kusema amina. Wengi wao wako hapa leo, na tunawashukuru kwa kufika.

Hesbon alifunga ndoa na Emmy wa Kapsokwony tarehe 5 Desemba 1998. Walibarikiwa watoto wawili. Emmy ameomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema: "Mimi niliolewa na mtu wa maabara. Huyo Nabii alinikuta tu kwa nyumba."

Kuna jambo ambalo kanisa lingependa liachwe, nalo linamhusu Sellah. Sellah ni fundi wa kushona mjini Kitale. Tangu mwaka 2007 ana ugonjwa unaompandisha mpaka halali usiku, kisha unamshusha mpaka hawezi kuinuka. Daktari alimwanzishia vidonge, akapona kiasi cha kushona sare za shule nzima. Vidonge hivyo ni chumvi ya lithiamu. Mwezi wa Juni 2021 Hesbon alimwita mbele ya waumini.

"Dada, unaamini hospitali ama unaamini damu ya mama yako?"

"Ninakuamini wewe, kaka."

"Basi tupa hiyo sumu kwa maji."

Sellah alivitupa vidonge. Vikalainika, vikazama.

"Mnaona?" Hesbon aliwauliza watu. "Hata kuwaka haviwezi. Hii ndiyo dawa?"

Watu walicheka. Wengine wangeweza kusema hawakujua. Hesbon hakuwa na nafasi hiyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyefundisha nyuma ya jikoni kwamba lithiamu ndiye mpole wa nyumba ile.

Mwezi uliofuata Sellah alipatikana Moi's Bridge, amesimama ndani ya mto Nzoia, maji kiunoni, akiuamuru mto uwake. Kipsang, mchuuzi wa mahindi, aliingia akamnyooshea mkono.

"Mama, si ukiwasha mto wote sisi tutakunywa nini?" alimwambia. Hapo Sellah akacheka, akakubali kushikwa. Alilazwa wiki nyingi, akarudishiwa vidonge vyake. Hesbon alipigiwa simu, akasema yuko kwa mkutano. Hakwenda kumwona. Mtu aliyeingia mtoni alikuwa mgeni wa kabila lingine, na viatu vyake vilienda na maji.

Mwaka 2022 figo za Hesbon zilianza kushindwa. Nabii anayeponya hawezi kuugua, kwa hiyo alikwenda hospitali Bungoma kwa siri, kofia imefunika macho. Daktari alimweleza kwamba figo zake hazitoi tena potasiamu mwilini, na ikizidi kwenye damu inasimamisha moyo. Alikatazwa ndizi, avokado, maharagwe, na zaidi ya yote mboga za munyu wa majivu, kwa sababu majivu yamejaa potasiamu. Alimeza vidonge vyake kila asubuhi, akanywa maji juu yake. Kila asubuhi, mbele ya Emmy, bila kuruka. Mchana alikwenda kanisani kuwaambia wengine watupe vyao.

Kilichomwangusha ni majivuno tu. Waumini walimletea mikungu ya ndizi, na hakuweza kuwaambia kwamba daktari amekataza. Alipolazwa mara ya mwisho, muuguzi mmoja alimkuta akiila moja wodini.

"Baba, hii ndizi itakuua."

"Niite Nabii."

"Haya. Nabii, hii ndizi itakuua."

Aliimaliza. Hesbon Barasa alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri. Daktari alisema ni potasiamu. Hakukuwa na moto wa zambarau. Moyo ulinyamaza tu.

Siku ya Jumanne, msaidizi wake kanisani, Mchungaji Kiplimo, alikuja kwenye matanga akiwa na chupa iliyobaki. Alimwambia Sellah kwamba leo, siku ya mazishi, atawasha maji kaburini kwa mara ya mwisho, na Sellah atupe vidonge ndani, ili roho ya Nabii imponye kabisa. Tangu Jumanne hiyo Sellah hakumeza kidonge. Alianza kushona usiku kucha, na kuzungumza haraka. Familia inajua hali hiyo inaelekea wapi. Inaelekea mtoni.

Kwa hiyo Alhamisi mchana familia ilimwita Mwalimu Jepchumba, anayefundisha kemia katika shule ya jirani. Alikuja na kichupa chake, akaomba beseni la kuoshea vyombo, akafanya mbele ya waombolezaji yale yote ambayo Hesbon alifanya. Karatasi ikawaka.

"Woi! Si hii ni ile ya Nabii!" mama mmoja wa kanisa alisema. "Ati hata wewe mwalimu una upako?"

"Mimi niko na kisu, mayi, na mafuta ya taa," Mwalimu alimjibu mama huyo.

Mchungaji Kiplimo alisema ile ya Nabii ilikuwa na maombi. Mwalimu akakunja karatasi nyingine tupu, akampa. "Basi omba, Mchungaji." Kiplimo aliomba kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu, akaitupa kwenye beseni. Karatasi ililowa.

Hakuna aliyesema amina. Sellah ndiye aliyeuliza.

"Mwalimu, na ile yangu ya kidonge? Mbona ilikataa kuwaka?"

"Ni ya nyumba moja na hizi," Mwalimu Jepchumba alimjibu. "Lakini ikiwa ndani ya chumvi imeshatoa ile elektroni iliyokuwa inaisumbua. Imetulia, dada. Haina kelele ya kufanya."

Sellah aliliangalia beseni, akaingia ndani. Mwalimu aliondoka na chupa ya Kiplimo. Kwa hiyo waliokuja leo kuona moto warudi nyumbani mapema, hautakuwepo.

Marehemu ameacha mjane, Emmy; watoto, Simiyu na Naliaka, ambao hawana kosa lolote na wasiulizwe lolote; na ndugu yake, Wangila, ambaye bado anamkumbuka kaka yake aliyekuwa na kisu cha mkate nyuma ya jikoni. Ameacha pia dada, Sellah. Ijumaa asubuhi, kabla karatasi hizi hazijapelekwa kuchapwa, Sellah alitoka nje ambako jamaa walikuwa wakinywa chai, akachota maji ya kisima kwa kikombe, akameza vidonge vyake mbele yetu sote.

Maji hayakuwaka.

Hesbon apumzike, na watu wake wapumzike pia.