Katoni Arobaini za Siku Ndefu

Kijiwe cha Waswahili cha Guangyuan Xilu, mtaa wa Kichina, hakina anuani: ni ubao uliolazwa juu ya marobota mawili ya nguo, chini ya ngazi, na chupa ya kahawa ya Zainabu imekaa katikati kama mwenyekiti. Adhuhuri ile ya Aprili, Pandu, Mzanzibari anayesafirishia watu mizigo, alikuwa na fomu mapajani. Hoteli moja ya Paje, Unguja, ilikuwa imeagiza katoni arobaini za mapambo ya kusherehekea siku ndefu kuliko zote, ile ya Juni, kwa mila za wapagani wa Ulaya. Gari la kwenda bandari ya Nansha, lililokwisha pakiwa katoni hizo, lilikuwa liondoke saa nane, na fomu ilitaka kujua: "Matumizi ya bidhaa. Eleza kwa ukamilifu." Fomu ile haina mzaha. Mwaka jana aliandika kwamba ndoo ni za kuchotea maji, ikarudi ikiuliza: maji gani?

— Nasoma tena, akasema. Mataji ya maua, mia mbili. Magurudumu ya jua, hamsini. Mlingoti mmoja wa kuchezewa ngoma. Moto wa kuruka watakoka wenyewe.

— Wauruke ili iweje? akauliza Zainabu.

— Mwaka uwe mwema, mazao yastawi.

— Shusha mzigo, Pandu! akasema Abdulwakil, muuza mabegi waliyembatiza Mufti, naye hakukataa cheo. Huo ni ushirikina wa jumla na rejareja. Mficha uchi hazai!

— Hiyo methali imeingiaje hapa?

— Imeingia tu. Wewe shusha.

Hilo ndilo lililomnyima Pandu usingizi: ampoteze mteja, au asimame Siku ya Kiyama na magurudumu hamsini mikononi?

Mutiso wa Nairobi, jina la kijiweni Kamusi, akapiga funda la kahawa.

— Wacha nikushow, buda. Hilo gurudumu ni jua lenyewe. Wazee wao waliliwasha moto, wakalibingirisha kutoka mlimani. Likifika chini bado linawaka, mavuno safi.

— Paje hakuna mlima, akasema Zainabu.

— Ndiyo noma sasa! Litaingia baharini. Maji yachemke, pweza waive kabla ya kuvuliwa.

— Na maua, Mufti akadakia, wasichana wao huyaweka chini ya mto wakilala, wakamwota mume. Hoteli nzima ikiota usiku mmoja, ndoto zitaenea wapi? Zitamwagikia vijijini. Mtu na wake zake wawili ataamka ana wa tatu, tena Mfini!

— Haraka haraka haina baraka, akahitimisha Mutiso. Kwa hivyo shusha sasa hivi.

Pandu akatoa simu ampigie dereva. Hapo Swalha, aliyetua jana tu kutoka Unguja na aliyekuwa akingoja mtu wa kumwonyesha soko la vitambaa la Zhongda, akaweka kikombe chini.

— Samahanini, kaka zangu. Ramadhani ilipoangukia Juni, Waislamu wa Ulaya walishinda na njaa karibu siku nzima na usiku wake. Sisi Unguja si ndipo tulipata saumu fupi? Juni kwetu mchana ndio mfupi kuliko yote ya mwaka. Sasa huko Paje watasherehekea siku ndefu ipi?

Mutiso alifungua mdomo, akaujaza kahawa. Mufti akahesabu miezi kwa vidole, akapoteza hesabu kwenye cha gumba.

Pandu akaitazama fomu. Kama ni ibada, basi imekosea nusu ya dunia. Jua lenyewe halitajua kama limeitwa. Akacheka mpaka fomu ikatetemeka, akairudisha simu mfukoni, akaandika: "Kuvaliwa kichwani na kupigiwa picha, na watu walio likizoni."

— Inuka, dada, akamwambia Swalha. Nikiikabidhi hii, Zhongda nakupeleka mwenyewe.

Walipokata kona, Mufti alikuwa ameazima vidole vya Mutiso.